Tamoksifeni haikuongezei homoni

Dada yangu alipomaliza mionzi ya saratani ya titi, aliandikiwa tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano. Wiki hiyohiyo watu watatu walishamshauri asiinywe.

"Ugonjwa umeletwa na homoni, unaongezewa homoni tena?" Hili ndilo linalowatisha wengi, na chanzo ni jina "tiba ya homoni". Tamoksifeni haiongezi kitu. Seli nyingi za saratani ya titi zina vipokezi: estrojeni, homoni ya kike, ikishika hapo, seli hugawanyika. Dawa huwahi nafasi ile, estrojeni ikija inakuta pamekaliwa. Ndiyo maana uvimbe hupimwa kwanza maabara. Vipokezi visipokuwepo dawa haisaidii, kwa hiyo tafadhali usimgawie mwenzako vidonge vyako hata kama naye anaumwa titi.

"Nimeshapona, naacha." Hapa ndipo panaponiuma, maana wanaoacha ni wale wanaojisikia vizuri. Uvimbe umetolewa, lakini seli chache zisizoonekana huweza kubaki. Kwa wenye vipokezi, miaka mitano ya dawa hupunguza vifo vya saratani hii kwa takriban theluthi moja ndani ya miaka 15, na wengine daktari huwaongezea hadi miaka 10.

"Hedhi imekatika, sishiki mimba." Unaweza kushika, na dawa hii inaweza kumdhuru mtoto. Miaka ya 1960 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitafuta dawa ya kuzuia mimba ikapata hii. Ikabainika kwamba kwa wanawake huchochea yai kutoka. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba. Majira, sindano na vijiti vina homoni, viache.

"Dawa zangu nyingine hazihusiani." Zinahusiana. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza tamoksifeni mwilini. Fluoksetini na paroksetini za sonona huizuia isigeuzwe kuwa na nguvu kamili. Ukinywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kutoka kupita kiasi. Usiache yoyote mwenyewe. Mpelekee daktari zote azione, na mitishamba pia.

"Madhara ni ya kuvumilia tu." Joto la ghafla, ndiyo, wengi hulipata. Dada alikuwa akilala na khanga mbichi shingoni, hadi alipomweleza daktari akasaidiwa. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana ghafla, au kifua kikichoma, nenda hospitali saa hiyohiyo. Damu huenda imeganda. Ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, usisubiri tarehe ya kliniki, kwa kuwa mara chache dawa hii huleta saratani ya mji wa mimba.

Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake. Dada huweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya jikoni akishameza, kabla hajamimina chai.