Airisi haziuawi na jua: dhana potofu kuhusu maji na udongo wa sehemu za joto

Mwezi wa pili, jua la Njiapanda ya Himo, hapa Kilimanjaro, linapochoma kwelikweli, mama mmoja aliniita nikamtazamie maua yake ya airisi. Majani yalikuwa yamelala, ncha zimegeuka kahawia.

"Mama, unamwagilia mara ngapi?"

"Kila jioni, mwanangu, ndoo mbili. Hili jua la huku si la kuchezea."

Nikashika jani moja, nikavuta taratibu. Likang'oka lote na kitako chake. Chini yake shina lilikuwa limegeuka uji wa kahawia, linanuka, na udongo pembeni ulikuwa tope.

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote: jua likiwa kali, ua linywe kila siku. Kwa mchicha, sawa. Lakini airisi yenye ndevu, ile yenye vinyweleo kwenye petali za chini, ina shina nene linalolala ardhini kama kidole cha tangawizi, na humo ndimo inamoweka akiba ya maji na chakula. Kule Arizona, Marekani, jijini Phoenix, joto la kiangazi hupita nyuzi 40 siku nyingi, na bado watu wanazikuza. Joto likizidi, airisi hupunguza kukua na kupumzika. Maji yakituama kwenye udongo wa moto wakati huo, bakteria wa kuozesha huzaliana upesi. Na mmea uliooza chini hunyauka vilevile kama wenye kiu, kwa hiyo mwenye bustani anaona huruma na kuongeza maji. Nimeona bustani nzima zikiisha hivyo, na inaniuma kila mara, kwa sababu aliyeziua ndiye aliyezipenda.

Kabla ya kubeba ndoo, sukuma kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha hadi kesho. Ukikuta pakavu, mwagilia asubuhi na mapema, polepole, maji yashuke kama sentimita 30, kisha usirudie mpaka pakauke tena. Udongo wa kichanga utakurudisha mapema kuliko mfinyanzi. Miche mipya tu ndiyo ya kuangalia kwa karibu, mpaka itoe majani.

Kunyunyiza kidogo kidogo kuna hasara nyingine. Ukishuka Kahe au Chekereni, vijiji vya tambarare huku kwetu, utaona ardhi imetoa unga mweupe juu: ni chumvichumvi, wengine huiita magadi. Maji machache hukauka na kuiacha palepale kwenye mizizi. Maji ya kushiba huisukuma chini, mradi yana pa kupita. Sasa mtu anaona udongo umechoka, anamwaga jivu la jikoni akidhani kila ardhi hutengemaa kwa jivu. Jivu hufaa udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi unaongeza kilekile kilichozidi. Pale sodiamu iliyomo kwenye magadi inapokuwa imeufanya udongo kushikamana, kinachosaidia ni jasi, ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, ikifuatwa na maji mengi ya kuisukuma sodiamu chini.

Wengine huchimba shimo wakatandika kokoto chini "ili maji yapite". Hayapiti kirahisi. Maji hukaa kwenye udongo laini ulio juu ya kokoto mpaka ujae pomoni ndipo yadondoke, kwa hiyo umelisogeza tope karibu na shina. Na ndoo moja ya mchanga kwenye mfinyanzi inaweza kukupa kitu kigumu kama tofali. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, changanya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi usiiguse: huunguza mizizi, na naitrojeni yake hukuza majani mateke yanayooza haraka.

Kuhusu kina, airisi si kiazi, usiizike. Mgongo wa shina ukae juujuu. Jangwani hufunikwa kwa udongo mwembamba, kama sentimita 2, lisibabuke, na kivuli cha alasiri hufaa. Ushauri huo ni wa jangwa, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Sisi tuna masika. Mvua zikianza, ufukue mgongo wa shina upigwe na hewa.

Kwa yule mama tulipata vipande vinne vigumu. Tulikwangua uozo kwa kijiko mpaka nyama nyeupe, tukavikausha siku mbili kivulini, tukavitunza kwenye kikapu, tukavipanda mwezi wa sita, masika yalipokwisha. Majani yamesimama. Maua bado, na jirani ameshamshauri aongeze mbolea. Mbolea haitaleta ua hapo. Aina nyingi za airisi zenye ndevu huhitaji majira ya baridi ndipo zichanue vizuri, na Himo haina baridi hiyo.

Kwa hiyo kando ya ua wa nyumba amepanda dietes, airisi ya Afrika, ambayo ni ya kwetu na huvumilia ukame ikishashika mizizi. Ua lake jeupe, lenye doa la njano na zambarau, hudumu siku moja tu. Nimemwomba asikate vikonyo likishanyauka, maana kikonyo kilekile hutoa maua tena.