Faili lipo, lakini make inasema halipo

"Kaka, faili lipo, naliona kwa macho yangu." Ndivyo alivyoanza kijana mmoja tunayefanya naye kazi, saa nne usiku, hata salamu hakuna. Picha ya skrini ikafuata, ikionyesha malalamiko ya make, programu inayoendesha amri zilizoandikwa kwenye faili liitwalo Makefile:

make: ./venv/bin/gunicorn: No such file or directory
make: *** [Makefile:14: seva] Error 127

Chini yake alikuwa amepiga ls, amri ya kuorodhesha mafaili, na gunicorn, programu ya kuwasha seva ya wavuti ya Python, anaonekana pale, ruhusa ya kuendesha anayo. Kwenye laptopu yake amri hiyohiyo inawasha seva bila shida. Ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa yanayoendeshwa na Docker, inagoma. Alikwisha kufuta akiba ya Docker na kujenga imeji, kile kifurushi ambacho kontena huanzia, upya mara mbili, kwa bando lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nilimwambia aachane na gunicorn kwanza, asome mstari wake wa kwanza:

head -1 venv/bin/gunicorn
#!/app/venv/bin/python3

Gunicorn ni skripti, yaani maandishi matupu, na maandishi hayajiendeshi. Make inaiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, iendeshe faili. Kerneli inalifungua, inakuta alama mbili za #!, inasoma njia inayofuata, kisha inakwenda kumtafuta huyo mkalimani aliyetajwa, yaani programu ya kusoma skripti na kuitekeleza. Mkalimani akikosekana, kerneli inarudisha kosa moja tu, ENOENT, namba 2: kuna faili halikupatikana. Ni lipi kati ya skripti na mkalimani wake, haisemi, kwa sababu jibu lenyewe ni namba na namba haina nafasi ya jina. Make nayo inajua jina moja tu, lile ililoomba liendeshwe, basi inalitaja hilo. Lawama inamwangukia asiyehusika.

Bash za zamani (Bash ni programu inayopokea amri unazoandika) zilikuwa na utu kidogo. Zikipata kosa hilo zilirudi kusoma mstari wa kwanza zenyewe, zikakuandikia "bad interpreter" pamoja na jina la mkalimani aliyepotea. Kuanzia 5.2 ya mwaka 2022, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Linux ya Debian 12, unaambiwa "cannot execute: required file not found" na unaachwa hapo. Faili gani hilo linalohitajika? Utajua mwenyewe.

"Sawa, lakini python3 nayo ipo," akanijibu, na picha nyingine:

python3 -> /usr/local/bin/python3

Huo mshale ndio kesi yote. Python3 ndani ya venv, ile folda inayobeba Python na maktaba za mradi mmoja, si programu, ni simlinki: faili dogo ambalo ndani yake mna anwani ya faili jingine. Ifikirie kama kibao kwenye mlango wa duka lililofungwa, "Tumehamia mtaa wa pili". Ukipiga ls unaonyeshwa kibao. Kibao kipo kweli, hakuna aliyekudanganya. Ila kerneli haina haja na kibao, inataka duka, kwa hiyo inatembea hadi mtaa wa pili. Mule ndani ya kontena, mtaa wa pili palikuwa kiwanja kitupu.

Hapa watu wengi huendesha readlink -f ili kuona mwisho wa mnyororo, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Readlink ya GNU ukiipa -f haijali kama kipande cha mwisho cha njia kipo au hakipo. Almradi folda zinazokitangulia zipo, itakuandikia /usr/local/bin/python3 kwa utulivu kabisa, nawe utaondoka ukiamini umeona faili. Tumia readlink -e. Hiyo inadai kila kipande kiwepo, na kikikosekana haiandiki kitu. Ukitaka kuona hatua kwa hatua, namei -l inakushusha ngazi zote, folda baada ya folda, pamoja na ruhusa zake.

Alipoendesha readlink -e akapata ukimya. Sekunde chache baadaye ikaja "aisee".

Chanzo kilikuwa Dockerfile yake, faili la maagizo ya kujenga imeji, yenye hatua mbili. Ya kwanza ilianza na imeji rasmi ya Python, python:3.11-slim, ambayo Python yake inakaa /usr/local/bin. Humo akatengeneza venv na kusakinisha kila kitu. Ya pili ilianza na Debian 12, akasakinisha python3 kwa apt, kisakinishi cha Debian, kisha akanakili folda ya venv kutoka hatua ya kwanza. Python ya apt ni 3.11 vilevile, ndiyo maana alijiona salama, lakini inakaa /usr/bin. Docker ikinakili folda haigusi anwani zilizomo ndani ya simlinki, inazibeba kama zilivyo. Kibao kikahamishwa mji mzima, na bado kinaelekeza mtaa wa pili wa kule kilikotoka.

Kabla hajanipigia alikuwa ameshajaribu dawa moja, na dawa hiyo inastahili maneno zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Alibadilisha Makefile iache kupitia venv, iite /usr/bin/python3 -m gunicorn moja kwa moja. Kosa likabadilika: "No module named gunicorn". Akadhani ameharibu usakinishaji. Hakuharibu kitu.

Python inapoamka, kabla ya kupakia chochote, inaangalia imeitwa kwa jina gani. Kando ya jina hilo, au folda moja juu yake, inatafuta faili liitwalo pyvenv.cfg. Ikilipata inajua iko ndani ya venv, na inachukua maktaba zake kutoka humo. Utaratibu huu ulikuja na Python 3.3 mwaka 2012. Jambo la kushika ni kwamba utafutaji huo unafanyika kwa jina la simlinki, kabla ya kuifuata. Ukiita /app/venv/bin/python3 na ukaita /usr/bin/python3, programu inayoendeshwa inaweza kuwa ileile, baiti kwa baiti, lakini moja inaijua gunicorn na nyingine haijawahi kuisikia.

Kwa sababu hiyo siipendi zana yoyote ya kujengea inayojifanya mwerevu kwa kufumbua simlinki kabla ya kuendesha. Mwenye kuandika zana hiyo anaona simlinki kama njia ya mkato tu, akiiondoa hakuna kitakachopungua. Kumbe jina lenyewe ni sehemu ya amri. Busybox ni hivyohivyo: ls, cp na sh zote ni majina ya programu moja, nayo huamua ifanye kazi gani kwa kutazama imeitwa nani. Fumbua simlinki ya ls na umempoteza ls.

Dawa nyingine ambayo angeweza kuijaribu ni kuweka simlinki /usr/local/bin/python3 ielekee /usr/bin/python3. Ingeziba tundu, ila pyvenv.cfg bado ina mstari wa home unaosema /usr/local/bin, na siku apt itakapoleta toleo jingine la Python utaanza upya ukiwa umesahau nani aliweka kibao cha pili. Tulichofanya ni rahisi: hatua ya kwanza nayo ianze na Debian 12 na Python ya apt, pamoja na python3-venv, na folda iwe /app kote kuwili. Njia ya folda nayo ina uzito, maana mstari wa kwanza wa kila skripti iliyosakinishwa umeandikwa njia kamili. Venv haikutengenezwa ihamishwe.

Ikiwa umefuata mnyororo wote na kila kitu kipo lakini kosa halitoki, angalia mambo mawili. Pitisha mstari wa kwanza kwenye cat -A: ukiona ^M mwishoni, faili limeandikwa Windows, na kerneli inamtafuta mkalimani ambaye jina lake linaishia na herufi isiyoonekana. Kisha pima urefu wa mstari huo. Kerneli za Linux kabla ya 5.1 ya mwaka 2019 zilisoma herufi 127 tu za mwanzo, na seva za kujengea zenye folda ndani ya folda huufikia mpaka huo upesi kuliko unavyodhani. Kwenye macOS lipo la tatu: mkalimani hawezi kuwa skripti nyingine, kwa hiyo ukimwelekeza kwenye shim ya pyenv (zana ya kubadilisha matoleo ya Python), ambayo ni skripti ya bash, patachimbika.

Mwisho wa Dockerfile yake tuliongeza mstari huu:

RUN test -z "$(find /app/venv -xtype l)"

Find yenye -xtype l hutoa simlinki zilizokatika peke yake, zile ambazo kibao kipo na duka hakuna. Ikipatikana hata moja, ujenzi unasimama palepale. Alijaribu kurudisha imeji ya zamani kwenye hatua ya kwanza ili aone kama mstari unafanya kazi. Ujenzi ukafa, akacheka, akarudisha Debian, akalala.