Maji Yanapochemka: Dhana Potofu na Ukweli

Kitenzi cha Kiingereza boil hubeba mengi: maji hutokota, yai huchemshwa, na mwenye hasira husemwa kuwa damu yake inachemka, usemi ambao sisi pia tunao. Wanafizikia wamekibana kitenzi hicho kwenye maana moja: kimiminika huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapofikia mgandamizo wa hewa inayokilemea kwa juu, ndipo mvuke unapoweza kufanya viputo hata chini kabisa ya sufuria. Maana hiyo haitaji kiwango chochote cha joto, na watu wengi huteleza hapo.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 kila mahali. Kiwango hicho ni cha usawa wa bahari, kwa hiyo ni sahihi kwa Mombasa na Dar es Salaam. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi zaidi, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva nyanda za juu hata yakitokota kwa kishindo. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo kwa kuubana mvuke, mgandamizo wa ndani ukapanda, na maji yakafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfaransa Denis Papin alibuni chombo cha namna hiyo mwaka 1679.

Wapo wanaoamini kwamba moto ukiongezwa chini ya chungu kinachotokota, chakula kitaiva upesi. Ukweli ni kwamba maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, joto lake halipandi tena. Nishati yote ya ziada huishia kuyageuza kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali mno: kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi, ilhali kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260 nyingine, yaani zaidi ya mara sita. Moto mdogo unaodumisha mtokoto huivisha maharage kwa muda uleule, na kwa bei ya mkaa ilivyo, hili si jambo dogo kwa familia.

Wengine hudhani kwamba viputo vyote vya maji yanayochemka ni hewa. Viputo vya mwanzo, vile vidogo vinavyong'ang'ania kuta za sufuria, kweli ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Vikubwa vinavyofuata ni mvuke wa maji wenyewe.

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote ni kwamba maji yaliyochemshwa ni salama kwa kila hali. Kuhusu vijidudu, kuchemsha kunategemewa sana: vingi hufa kabla maji hayajachemka, hivyo nyuzi 94 za Nairobi zinatosha. Ushauri wa kawaida ni kuyaacha maji yatokote dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu zaidi ya mita 2,000. Lakini madini na kemikali haziuawi kwa moto. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya kuzunguka Mlima Meru mkoani Arusha, yana maji yenye floridi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ni floridi hiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Mama anayeyachemsha maji hayo kwa muda mrefu ili amlinde mwanawe anapunguza maji na kuibakiza floridi yote, hivyo kila kikombe huwa na floridi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Kinachosaidia ni kuyapitisha kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi, au kutumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi.