Uhuru wa Mvutaji Sigara na Mipaka ya Sheria Nchini Kenya

Mwili ni wangu, mapafu ni yangu, pesa ni zangu. Serikali inaingilia nini? Swali hili huulizwa kila sigara inapotajwa, na ni swali la haki. Ila wengi wanaoilalamikia sheria hulalamikia jambo ambalo halimo ndani yake.

Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 haimkatazi mtu mzima kuvuta. Inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, kumuuzia aliye chini ya miaka 18, kuitangaza tumbaku, na kuuza sigara nje ya pakiti kamili yenye angalau sigara 10. Anayevuta pasiporuhusiwa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi 6, au adhabu zote mbili. Katiba nayo, katika Kifungu cha 24, inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria, lakini inataka ipimwe kama ipo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile, na haki ya mmoja isivuruge haki ya mwingine. Kampuni ya British American Tobacco ilipinga mahakamani kanuni za tumbaku za mwaka 2014 mpaka ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 rufaa yake ikatupiliwa mbali.

Huyo mwingine ambaye haki yake isivurugwe ni nani? Ni mhudumu wa baa, utingo, mtoto aliye sebuleni. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni 1 wasiovuta kabisa. Ndiyo maana sheria inataka chumba cha kuvutia kitengwe kwa kuta kutoka sakafuni hadi darini, na hewa yake itolewe nje. Kinachofanyika mara nyingi ni meza mbili kando ya dirisha na feni juu yake. Feni haiondoi moshi, inausambaza. Kiyoyozi cha kawaida nacho huzungusha hewa ile ile ya ndani. Chembe za moshi ni ndogo mno, huelea kwa saa nyingi, na harufu ikishapotea bado zipo.

Mahali sheria inapovuja zaidi, kwa maoni yetu, ni kibandani. Pakiti iko wazi kaunta, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, na mnunuzi anatoa sarafu na kupewa sigara moja. Biashara hiyo ndogo inavunja mambo matatu kwa pamoja. Mnunuzi haioni picha ya onyo, kwa sababu hakushika pakiti. Mwanafunzi asiye na pesa ya pakiti ana pesa ya sigara moja. Kodi nayo inapoteza makali: katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bei ikipanda kwa asilimia 10 matumizi hushuka kwa takriban asilimia 5, lakini nyongeza ikigawanywa kwa sigara moja moja mnunuzi haihisi sana. Kumkamata mvutaji mmoja kando ya barabara huku kibanda kilicho karibu na shule kikiachwa ni kuiweka sheria kichwa chini miguu juu.

Na uhuru wenyewe tuutazame kwa karibu. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hivi, kisha kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2, na mwili unadai tena. Aliyeanza akiwa na miaka 15 hakuchagua kama mtu mzima, na leo akitaka kuacha anazuiwa na uraibu wake.

Hata hivyo, marufuku kamili hatuiungi mkono. Bhutan, nchi jirani ya India, ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004. Magendo kutoka India yakashamiri, na mwaka 2021 marufuku ikaondolewa. Serikali inayomwekea mraibu mipaka ina deni la kumpa msaada wa kuacha, na deni hilo halijalipwa vya kutosha.

Kwa anayetaka kuacha, chingamu ya nikotini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka huanza na ya miligramu 4, wengine miligramu 2. Tafuna polepole mpaka usikie mwasho, kisha iweke kati ya shavu na ufizi. Mwasho ukiisha tafuna tena, kwa muda wa dakika 30 hivi. Wanaoitafuna mfululizo kama chingamu ya dukani humeza nikotini, wakapata kichefuchefu na kwikwi, kisha wakasema dawa haifai. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake, kwani asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni. Hamu huwa kali zaidi siku 3 za kwanza na hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo usipunguze dozi mapema. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo karibuni, aonane na daktari kabla ya kuanza.