“Bado Ni Mtoto, Atasahau”: Dhana Potofu Kuhusu Watoto, Msiba na Afya ya Akili

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa watoto na familia hapa Kisumu, hakuna kauli inayonichosha kama hii: “Huyu bado ni mtoto, hajui kitu, atasahau.” Husemwa na shangazi, na nyanya, na baba aliyefiwa na mkewe, na wakati mwingine na mwalimu aliyemleta mtoto mwenyewe. Husemwa mtoto akiwa ameketi papo hapo, akisikia kila neno. Hivi majuzi nimeisikia tena, safari hii kuhusu msichana ambaye mama yake alizikwa miezi kadhaa iliyopita, lakini ambaye hadi siku anafika kwangu alikuwa akiambiwa kwamba mama yuko kazini Nairobi. Zipo dhana nyingine nitakazozigusa kwa ufupi, ila hii lazima niizungumzie kwa kirefu.

“Mtoto haelewi kifo, kwa hiyo asiambiwe”

Wanaomficha mtoto wanafanya hivyo kwa huruma, nami siwashuku. Familia inapohangaika kuchangisha fedha za mochari, kukodi hema na viti, na kuwasubiri ndugu watoke Nairobi na Mombasa, ni rahisi kumpeleka mtoto kwa jirani na kusema kwamba ataelezwa baadaye. Tatizo ni kwamba mtoto mwenyewe hangoji. Hata wa miaka 3 anaona watu wakilia, boma limejaa wageni, mama haonekani, na picha yake kubwa imewekwa mezani pamoja na maua. Anajua kwamba kuna jambo. Asichojua ni jambo gani, na pasipo maelezo hujitungia yake, ambayo mara nyingi hutisha kuliko ukweli.

Ni kweli kwamba mtoto mdogo hakielewi kifo kama mtu mzima. Mwaka 1948, mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto wa Budapest, na akaonyesha kwamba wale walio chini ya miaka 5 walikichukulia kifo kuwa aina ya safari au usingizi. Watafiti waliomfuata wameyatenganisha mambo ambayo mtoto hujifunza: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zote, kwamba kila kiumbe hufa, na kwamba kifo kina sababu inayoeleweka. Wengi huwa wameyashika mambo haya wanapokaribia miaka 7, wengine mapema zaidi, hasa waliowahi kuona msiba. Sasa tazama tunavyofanya. Mtoto ambaye kwa umri wake tayari hudhani kwamba kifo ni usingizi au safari, sisi watu wazima tunamwambia kwamba baba amelala au mama amesafiri. Kosa ambalo angelitoka kwa kukua, tunamthibitishia kwa mamlaka yetu.

Madhara yake nimeyaona kwa karibu. Mvulana wa miaka 6, ambaye nimebadilisha mambo machache kumhusu ili asitambulike, aliletwa na nyanya yake kutoka upande wa Ahero kwa sababu alikuwa halali. Usiku aliketi kitandani ameegemea ukuta, na kila alipomwona nyanya anasinzia, alimfinya mkono hadi aamke. Ameombewa, amepelekwa kwa mganga, na mwishowe amechapwa kwa kiburi. Chumbani kwangu nina udongo wa kufinyangia, wanasesere wachache na maboksi matupu ya viatu. Alimchukua mwanasesere, akamlaza ndani ya boksi, akafunga kifuniko, kisha akaniuliza, “Sasa huyu atapumua vipi?” Alikuwa ameambiwa kwamba baba amelala, naye aliliona sanduku likishushwa kaburini. Kwa ufahamu wake, baba alizikwa akiwa usingizini, na yeyote afumbaye macho anaweza kupatwa na hayo hayo. Nilimweleza, nyanya yake akisikiliza, kwamba moyo wa baba umesimama, kwamba hapumui na hahitaji kupumua, kwamba hasikii baridi wala njaa wala maumivu, na kwamba usingizi ni kitu tofauti kabisa, kwa kuwa anayelala moyo wake unaendelea kupiga. Tulisikiliza moyo wa nyanya kwa stetoskopu. Usingizi ulirudi polepole katika wiki zilizofuata, bila dawa yoyote.

Mtoto anayejitungia maelezo hujitungia pia mkosaji, na mara nyingi mkosaji huyo ni yeye mwenyewe. Mama aliyechoka humwambia mwanawe, “Wewe utaniua na kelele zako,” kama wasemavyo akina mama wengi bila kumaanisha, kisha akaugua na kufa. Mtoto wa miaka 5 au 6 huunganisha mambo hayo mawili na kubeba mzigo huo kimya kwa miaka. Ndiyo maana sikubali familia iondoke kwangu kabla mtoto hajaambiwa kwa maneno ya wazi: “Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi. Si wewe uliyesababisha, wala hukusema wala kufanya jambo lolote lililomuua. Mimi ndiye nitakayekutunza.” Baadhi ya wazee huniambia kwamba neno “amekufa” ni kali mno kwa masikio ya mtoto. Kali ni kile kifo. Neno humsaidia tu kukijua. Imani sina ugomvi nayo, na wachungaji kadhaa hunitumia watoto, lakini ninawaomba sana wasimwambie mtoto kwamba Mungu alimpenda mama zaidi ndipo akamchukua. Mtoto hufikiri kwa mantiki iliyo nyoofu, na atakayefuata kupendwa kiasi hicho huenda akawa yeye. Mbingu na ufufuo vielezwe baada ya ukweli kuhusu mwili, si badala yake.

Kuhusu kuhudhuria mazishi, mimi husema mtoto aelezwe mapema atakachokiona: watu watalia kwa sauti, kutakuwa na sanduku, litashushwa shimoni na kufukiwa. Baada ya hapo aulizwe kama anataka kuwepo, na jibu lake liheshimiwe. Asilazimishwe kuutazama mwili, na akitaka kuutazama asifukuzwe. Awepo mtu mzima mmoja, asiye mfiwa mkuu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono mtoto huyo tu na kuondoka naye akichoka. Disko matanga, yaani dansi ya usiku msibani, si mahali pa mtoto, kwa umri wowote ule.

Na je, atasahau? Wanaosema hivyo huwa wamemwona akicheza mpira saa moja baada ya mazishi. Mtoto huingia katika majonzi na kutoka, kama aingiaye ziwani hadi magotini kisha akarudi ufukweni kupumzika, kwa sababu hana nguvu za kuyabeba mfululizo kama sisi. Baadaye utayaona yakijitokeza kwingine: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza upya, tumbo linauma kila Jumapili jioni, hamwachi mlezi hata aende chooni, alama zinashuka, ugomvi unazidi. Pia huyarudia kila anapopiga hatua ya akili. Msichana aliyefiwa akiwa na miaka 4 anaweza kuuliza maswali mazito kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 12, na walezi wakadhani kuna mtu amemchochea. Hakuna aliyemchochea, sasa ndipo anapoweza kuelewa alichopoteza.

Watoto wengi waliofiwa hawahitaji kuja kwangu. Wanahitaji mtu mzima msema kweli, ratiba isiyobadilika sana, shule ile ile na kitanda kile kile ikiwezekana. Hapa ndipo penye jambo linaloniumiza kuliko yote: baada ya mazishi, kikao cha familia hugawa watoto, mmoja kwa mjomba Kakamega, mwingine kwa shangazi Migori, na kitinda mimba anabaki kwa nyanya. Najua karo ni mzigo na chakula ni mzigo. Hata hivyo, mtoto aliyempoteza mama anapopokonywa pia ndugu zake ndani ya mwezi mmoja, amefiwa mara ya pili, na nimeona wengi wakiyumba kwa sababu ya hilo la pili. Kama ni lazima watenganishwe, basi wawe na siku maalumu ya kuzungumza kwa simu na likizo za kukutana, na ahadi hizo zitimizwe. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa unaotumika sasa huyatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale yanapodumu zaidi ya miezi 6, yakiwa makali kupita desturi za jamii husika na yakimzuia mtu kuendelea na maisha. Mtoto aliyefikia hapo, au anayesema kwamba anataka kumfuata marehemu, aletwe bila kungoja.

“Huyu shida yake ni utundu tu”

Huzuni ya mtoto haifanani na ya mtu mzima. Mara nyingi, hasa kwa wavulana ambao wameambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, hujitokeza kama hasira, uongo na kutoroka shule. Kiboko hunyamazisha dalili na kuacha chanzo, tena humfundisha mtoto kwamba akiumia zaidi asimwambie mtu. Kwa walimu ninaongeza kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, kwa hiyo jambo hili si la kuchagua.

“Magonjwa ya akili ni ya watu wazima”

Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba takribani nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa.

“Haya ni mambo ya Wazungu”

Sehemu kubwa ya ujuzi tunaoutumia kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake ilianzia ng'ambo ya ziwa hili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatazama akina mama wa Kiganda wakiwa na watoto wao wachanga nyumbani, na ni baadaye tu ndipo alipoendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani. Akina mama wa Afrika Mashariki wamo katika msingi wa taaluma hii.

“Nakuachia, nitamchukua saa kumi”

Mzazi anayemshusha mtoto mlangoni na kuondoka na boda yule yule aliyemleta ananipa kazi isiyowezekana. Mimi huwa na mtoto saa moja kwa wiki. Saa zinazobaki yuko nyumbani, na huko ndiko mabadiliko yanakotokea. Nitahitaji kuzungumza na baba, hata kama anasema haya ni mambo ya akina mama, na nitahitaji kujua wazazi wanavyozozana, nani anakunywa pombe, na mtoto analala chumba kimoja na nani. Siri ya mtoto nitaitunza isipokuwa pale usalama wake ulipo hatarini, na hilo ninamweleza yeye na mzazi siku ya kwanza.

“Ukimuuliza kuhusu kujiua utampa wazo”

Utafiti hauungi mkono hofu hii. Kijana anayeulizwa kwa upole na uwazi, “Umewahi kufikiria kujiua?”, kwa kawaida hupata nafuu kwamba hatimaye yupo mtu wa kumwambia. Akijibu ndiyo, usimhubirie wala usimtishe kwa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kaa naye, usimwache peke yake, piga nambari 116 inayowasaidia watoto bila malipo, au mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kabla ya jioni, dawa za kuua wadudu wa shambani na tembe zote za nyumbani ziwekwe chini ya kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima, si juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anajua ulipo.