Kwa nini monita inawaka sekunde mbili tu halafu inakuwa giza?

Unabonyeza swichi, nembo inatokea, desktop inaonekana safi kabisa, halafu pap, giza, na kale kataa ka kijani pale chini bado kanawaka na CPU inaunguruma kama kawaida. Wengi wakifika hapo wanasema kioo kimekufa, monita inaenda stoo, mwaka unaofuata inachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Inaniuma sana kila nikiona hivyo maana mara nyingi hicho kioo ni kizima, kilichokufa ni kidude kidogo cha bei ya chini mno.

Sasa kabla hujasema lolote fanya hivi. Iache imewashwa, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu umulike kioo kwa karibu, tena kwa upande upande. Ukiona kwa mbali ikoni zako na ile picha ya nyuma basi jua picha ipo, kinachokosekana ni mwanga.

Iko hivi, kioo cha LCD chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kama pazia, kila kijidoti kinafungua au kuziba mwanga kutokana na umeme unaokifikia, na mwanga wenyewe unatoka kwenye taa zilizofichwa nyuma au pembeni. Monita nyingi za sasa zinatumia LED, ila zile za miaka ya 2000 ambazo bado zimejaa kwenye maofisi na maduka ya mitumba zina vitubu vyembamba kama mrija wa peni, ndugu wa tubelaiti, na vitubu hivyo vinataka mamia ya volti kuendelea kuwaka na zaidi ya volti 1000 pale mwanzo vinapowashwa. Anayezitengeneza hizo volti ni saketi inaitwa inveta.

Na hapo ndipo zile sekunde mbili zinapotoka, inveta ina ulinzi ndani yake, ikihisi taa moja haivuti umeme inavyotakiwa inakata zote ili kusitokee moto. Kwa hiyo ama taa moja imechoka (hapo utakuwa umeona rangi inakuwa ya pinki pinki kwa wiki kadhaa kabla) ama umeme unaoingia kwenye inveta unayumba, na mimi hii ya pili ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

Kwa nini uyumbe? Kapasita. Ni vile vikopo vidogo vya alumini kwenye bodi ya pawa, ndani yake kuna karatasi iliyolowa maji ya kemikali, kazi yake kuulainisha umeme. Adui yake ni joto, kwa makadirio ya mafundi kila joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita yanapungua nusu, na watengenezaji huziweka pembeni kabisa ya hitsinki (kile kipande cha chuma cha kupoozea joto) ndani ya kava lisilo na feni. Isitoshe miaka ya mwanzo ya 2000 dunia ilijaa kapasita ambazo maji yake yalikuwa mabovu, yanatoa gesi ya haidrojeni, zikawa zinavimba na kupasuka, mpaka mwaka 2005 Dell ikatenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Ukiona monita inawaka baada ya kubonyeza swichi mara kumi na ikishapata joto inatulia, hiyo ni dalili ya kapasita iliyokauka.

Ya kwangu ilikuwa inchi 17, nimeinunua mtumba Kariakoo, nikafungua nikakuta kapasita mbili za 1000 µF (hiyo µF, mikrofaradi, ni kipimo cha uwezo wake wa kutunza umeme) volti 25 zimevimba kichwani kama andazi, wakati kichwa cha kapasita nzima huwa bapa kabisa. Nikabadilisha, hela yote haikufika bei ya chipsi mayai, na mpaka leo naitumia.

Lakini hapa nisikilize vizuri ndugu yangu. Chomoa waya wa umeme ukutani na bado usiguse bodi, kuna kapasita moja kubwa kuliko zote imeandikwa volti 400 au 450, kwa umeme wetu wa 230 hiyo inabeba kama volti 325 na inaweza kukaa nazo muda mrefu hata waya ukiwa nje. Pima na mita ya umeme (multimeter) kwenye miguu yake, kama bado ina umeme imalize kupitia balbu ya 60W ya aina ya zamani, ile yenye kawaya ndani kanakopata moto, yenye waya zilizofunikwa vizuri, usigusishe bisibisi, kisha pima tena. Kama hujawahi kushika mita mpelekee fundi, umwambie tu aanze kuangalia kapasita. Vile vitubu navyo usivivunje, vina zebaki.

Kwenye kubadilisha, µF iwe ile ile, volti iwe ile ile au zaidi, chagua inayohimili joto la nyuzi 105, na piga picha bodi kabla hujatoa kitu maana upande wenye mstari ni hasi, ukigeuza italipuka.

Kama kataa hakawaki kabisa anza na waya na fyuzi, na fyuzi ikiwa imeungua jua kuna kitu kingine kimeiunguza, usiweke mpya ukasema umemaliza. Rangi moja ikipotea badilisha kwanza kebo ya VGA, ile inayoleta picha kutoka kwenye kompyuta. Monita ya LED yenye giza ila picha inaonekana kwa tochi, mara nyingi LED moja imekata na mnyororo mzima umezima nayo. Mistari ya wima isiyoondoka hata ukibadilisha kebo, au kioo kilichopasuka, hapo ni kioo chenyewe na bei yake inakaribia monita nyingine ya mtumba, ila bodi yake ya pawa itoe uitunze, unaweza kukuta inaingia kwenye monita nyingine ya modeli ile ile.