Nyaraka za John Cage na Marcel Duchamp: kwa nini zisomwe sambamba

Katika kuorodhesha nyaraka za muziki, kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba karatasi za mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine. Hata hivyo, urithi wa John Cage, mtunzi mashuhuri wa muziki wa usasa wa Marekani, unaonyesha kwamba kanuni hiyo peke yake haitoshi.

Nota alizoandika kwa mkono zimo katika Maktaba ya Umma ya New York, na barua zake nyingi ziko Chuo Kikuu cha Northwestern, ilhali nyaraka za msanii mzaliwa wa Ufaransa Marcel Duchamp na mkewe Alexina, waliocheza naye sataranji, zinatunzwa katika Jumba la Sanaa la Philadelphia. Duchamp alikuwa bingwa wa kweli, kwani aliichezea Ufaransa katika Olimpiadi za sataranji na mwaka 1932 alichapisha, pamoja na mchezaji mwenzake wa sataranji Vitaly Halberstadt, kitabu kuhusu hatua za mwisho za mchezo, wanapobaki wafalme na vitunda.

Mfano unaonigusa zaidi ni Chess Pieces, mchoro wa ubao wa sataranji wenye nota ndani ya miraba, ambao Cage aliupeleka mwaka 1944 kwenye maonyesho katika jumba la sanaa la Julien Levy mjini New York. Kwa kuwa ulichukuliwa kuwa picha, uliishia katika mkusanyo wa mtu binafsi, na muziki wake ukakaa kimya takriban miaka 60, hadi mpiga piano Margaret Leng Tan alipozinakili nota zile na kuzipiga mwaka 2005.

Kisha ipo Reunion ya Machi 5, 1968, mjini Toronto, onyesho la muziki ambamo Cage na Duchamp walicheza sataranji jukwaani. Chini ya miraba ya ubao mtunzi Lowell Cross aliweka vihisi vya mwanga, hivi kwamba kila kete iliposogezwa, sauti za elektroniki za wanamuziki wanne, yeye akiwemo, zilifunguliwa au kufungwa. Duchamp alianza akiwa amepungukiwa farasi mmoja, na bado akamshinda Cage. Hapa hatua za mchezo ndizo zilizoshika nafasi ya nota, kwa hiyo mtafiti anayefungua makasha ya muziki tu atakosa nusu ya kazi yenyewe. Karatasi zibaki zilipo, lakini maelezo ya Reunion katika kila orodha yataje barua, picha na kumbukumbu za mchezo zilizo katika hifadhi nyingine, pamoja na namba za makasha yake.